Aliyeitika Kwenye Sumaku ya Saba

Siku ya kwanza handaki lilipoitika, watu wa maabara walicheka.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Kabla ya kuwasha mashine, fundi wa usalama, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusikika mitaa mitatu, alipita handaki lote akiita, "Kuna mtu humu?" Aite, atege sikio, abonyeze kitufe ukutani, asonge mbele. Mashine yenyewe ilikimbiza elektroni ndani ya bomba jembamba, ikazipitisha katikati ya sumaku zilizopangwa mstari, na hapo ndipo mwanga wa leza ungezaliwa, mwanga ambao maabara ile iliungoja miaka sita. Ikiwashwa mtu yumo ndani, mionzi inammaliza. Ndiyo maana kila anayeingia huchukua ufunguo wake ubaoni, na bila funguo zote nane kurudi, haiwaki ng'o.

Basi fundi akaita, na kutoka kwenye sumaku ya saba sauti ikajibu, "Nipo."

Hakukuwa na mtu. Alichungulia hadi chini ya mabomba. Kulikuwa na harufu tu, ya nywele zinazoungua, na mashine ilikuwa baridi.

"Mwangwi huo," bosi akasema.

"Mwangwi gani unaojibu swali?"

Wakacheka wote. Naye fundi akacheka, kicheko cha midomoni tu.

Siku ya pili handaki liliitika kwa sauti ya mumewe. Mumewe ndiye aliyekuwa mpimaji wa maabara, kazi yake kunyoosha zile sumaku zikae mstari mmoja, na saa hiyo alikuwa nje anakunywa chai. Fundi alitoka mbio, kiatu kimoja mkononi.

"Mume wangu, humo kuna jini."

"Jini afuate nini kwenye mionzi? Si atakufa!"

"Usinitanie. Limeniita vile unavyoniita wewe."

Siku ya tatu ndiyo ya kuwasha. Wageni walikuwa njiani, bosi anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, na sumaku ya saba imesogea tena. Unywele tu, lakini elektroni hazisamehe unywele. Mke na mume wakaingia harakaharaka, na kwa haraka hiyo wakachukua ufunguo mmoja, wa mke. Wanalala kitanda kimoja, ufunguo wa pili wa nini? Mpimaji akainama kwenye sumaku yake, fundi akaanza ukaguzi toka mwisho wa handaki, na alipokuwa akirudi akamwona mumewe amemtangulia kutoka, shati lile lile, mgongo ule ule. Hakuita tena, akafunga mlango. Akarudisha ufunguo. Nane zikatimia.

Kwenye chumba cha kuongozea mumewe alikaa kando yake. Kidole cha fundi kilikuwa kimeshagusa kitufe pale spika ya handakini ilipokwaruza.

"Mke wangu, usiwashe! Niko ndani. Sumaku imenibana mguu."

"Jini lile," akanong'ona aliyekaa kando yake. "Washa."

"Funguo zote zipo, dada," bosi akasema, kijasho kinamtoka. "Washa, wageni wako getini."

Akaitazama ile mikono iliyotulia juu ya magoti, mikono anayoijua tangu harusi, na jinsi alivyozidi kuitazama ndivyo ile harufu ya nywele ilivyozidi kumjia puani, na sauti spikani ikawa inalia sasa, inamwita kwa jina la chumbani kwao ambalo hakuna mwingine anayelijua, mpaka hakujua tena aombe nini, kwa maana akikosea ni yeye mwenyewe atakayemuua baba wa watoto wake.

Akazima kipaza sauti cha kuongea na handaki, wa ndani asisikie, akamgeukia yule wa kando. "Asubuhi tumechukua funguo ngapi?"

"Kila mtu wake." Akatabasamu. "Si ndiyo utaratibu?"

Akakiwasha. "Na wewe, huko ndani? Ngapi?"

"Mmoja! Wako! Jamani, fanya haraka!"

Fundi akapiga kitufe chekundu cha kuzima kila kitu, akatimka kuingia handakini bila hata kugusa ubao wa funguo. Alimkuta mumewe chini ya sumaku ya saba, mguu umevimba, machozi na kamasi vimechanganyika. Wakalia pamoja. "Ningekuua," akasema. "Hujaniua. Nitoe humu," mume akajibu.

Waliporudi, mume kamwegemea begani, kiti kilikuwa kitupu. Bosi alisimama mbele ya ubao, anahesabu kwa kidole. Funguo zilikuwa saba. Uliokosekana ulikuwa wa fundi.

Spika ikakwaruza.

"Mume wangu, usiwashe." Ilikuwa sauti ya fundi, ile ya kusikika mitaa mitatu, sasa imechoka, inatetemeka. "Ufunguo ninao mimi. Niko ndani bado. Huyo uliyetoka naye simjui."

"Uongo!" fundi akapiga kelele. "Si mimi huyu hapa!"

Mumewe akaondoa mkono begani mwake taratibu, akarudi nyuma hatua moja, kwa mguu ule ule mbovu.