Kiti cha Pili cha Bi Odesa

Makofi yalikuwa yamekwisha, lakini mtu mmoja aliendelea kupiga.

Ilikuwa alasiri, siku ya pili baada ya sherehe za Saba Saba, katika ukumbi wa jamii pale Kariakoo. Kikundi cha maigizo cha kiwanda cha nguo kilikuwa kimekuja kubeba mapazia yake. Kiongozi wao, Eliasi, akawaambia wampigie makofi mwalimu wao, Bi Odesa, kwa kazi nzuri. Wakapiga, wakanyamaza. Ndipo ikasikika kutoka viti vya nyuma, ambako hapakuwa na mtu: pa, pa, pa, polepole, kama mtu asiye na haraka ya kurudi kwake.

"Nani huko?" Eliasi aliuliza.

Wenzake wakacheka, wakasema ni mwangwi. Bi Odesa hakucheka. Aligeukia vile viti vitupu akainama kidogo, kama alivyoinama mbele ya watazamaji maisha yake yote.

Huyu Bi Odesa alikuwa Mmarekani mweusi, binti wa mfua nguo wa huko Georgia. Akiwa na miaka kumi na mitano alitoroka na kundi la waigizaji, akafika New York, na kwenye majukwaa ya Harlem alilia na ukumbi mzima ukalia naye. Kisha sinema zikamwita. Huko, katika filamu ishirini na mbili, kazi yake ilikuwa kufungua mlango na kubeba sinia la chai. Katika ile ya mwisho hakupewa hata neno moja la kusema. Mume alikufa, mtoto hakujaliwa. Aliposikia kwamba Tanzania inawakaribisha watu wa rangi yake waje kujenga taifa, aliuza koti lake la manyoya akapanda ndege. Alikuwa na miaka sitini na moja alipopanga chumba Mtaa wa Sikukuu, nyumbani kwa Bi Mwanamkuu.

Chumbani aliweka kitanda, kioo na viti viwili. Kiti cha pili alikinunua kwa ajili ya wageni, akakishonea na mto.

Watu wa nyumba ile walimpenda, tusiwasingizie. Walimpelekea futari, walimshikia nafasi kwenye foleni ya sukari. Lakini waliishia mlangoni. Mmarekani bwana, utaingia chumbani kwake umwambie nini? Sahani ilipokelewa mlangoni, ikarudishwa mlangoni. Miaka miwili ilipita na kile kiti hakijakaliwa.

Sasa tufike kwenye kosa lenyewe. Igizo la Saba Saba lilihusu mwanamke anayepungwa jini, na Bi Odesa alicheza mganga. Alitaka kila kitu kiwe cha kweli. Bi Mwanamkuu, kwa kuona fahari, alimwazima chetezo cha kufukizia ubani cha marehemu shangazi yake, akamfundisha na wimbo wenyewe wa kumwitia jini wa ukoo wao. Jina la jini huyo sitaliandika hapa, mtanisamehe.

"Lakini nisikilize, Bi Odesa," alimwambia. "Huyu akiitwa, huagwa. Mdomo uliomwita ndio umuage."

"Sitasahau, dada. Maneno ya mwisho sijawahi kuyasahau."

Na kweli hakusahau. Ila mgeni rasmi alichelewa saa mbili, na igizo lilipofika pale jini anapopanda, Eliasi akaletewa kikaratasi: muda hauruhusu, mgeni anataka kuhutubia. Pazia likashushwa. Mgeni akahutubia saa nzima juu ya zao la pamba.

Wiki moja baadaye, Severa, mpangaji wa chumba cha mkabala, mwenyeji wa Masasi, alitoka uani na mwiko wake mkononi.

"Bi Mwanamkuu," alinong'ona, "Bi Odesa ana mgeni?"

"Mgeni gani? Nipo barazani tangu adhuhuri. Hajapita mtu hapa."

"Basi anacheka na nani?"

Wakaenda kwa kunyata. Harufu ya ubani iliwapokea katikati ya ukumbi wa nyumba, na chini yake palikuwa na harufu nyingine, ya poda ya zamani. Bi Mwanamkuu akasogeza pazia la mlango kwa kidole, akamwona Bi Odesa amesimama mbele ya kiti cha pili ndani ya gauni la jukwaani lililokuwa likimpwaya, akisema maneno ya Kiingereza kwa sauti ya msichana wa miaka ishirini, na kila alipokwama sauti nyingine, nzito na ya chini, iliyotoka usawa wa kile kiti, ilimnong'oneza neno lililofuata, naye akalidaka akaendelea, na mto wa kiti ulikuwa umebonyea katikati kama mtu mnene amekaa, na hapakuwa na mtu.

Severa alipiga ishara ya msalaba. Bi Mwanamkuu alikwenda Ilala kumwita Bi Zamzam, fundi wa kupunga.

Bi Zamzam alifika Alhamisi baada ya sala ya alasiri. Alimtazama Bi Odesa, mifupa mitupu na macho yanayong'aa, akawavuta wenzake kando.

"Aliitwa, hakuagwa. Basi anakaa, na mgeni anakula. Anamla mwenyeji wake. Mwezi mpya ukiandama hajaondoka, mtamzika."

"Tufanyeje?" Bi Mwanamkuu aliuliza.

"Igizo limaliziwe. Amuage mwenyewe."

Wakawasha chetezo chumbani. Bi Zamzam alisimama kizingitini, na wale wawili nyuma yake. Bi Odesa akaimba wimbo wote bila kukosea, na kiti kikalia, ng'waa, kama mtu amejisogeza apate kusikia vizuri.

"Tulikuita," Bi Odesa akasema. "Umekuja."

Akaishia hapo, akakitazama kiti.

"Malizia, mama," Bi Zamzam alimhimiza. "Sasa rudi kwenu kwa amani. Sema."

"Nimecheza filamu ishirini na mbili," Bi Odesa alisema taratibu. "Huyu ameniuliza zote. Hata zile sehemu zangu walizozikata, anazijua. Nikimuaga, atakaa nani hapa?"

Bi Zamzam akainama, akakusanya ubani wake.

"Mimi namtoa jini asiyetakiwa," alisema. "Huyu anatakiwa."

Bi Mwanamkuu alikuwa analia. Aliona haya, haya ya kweli, akikumbuka sahani zote zile alizozipitisha pale mlangoni. Mwisho akavuka kizingiti. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga ndani tangu apangishe chumba kile.

"Nitakaa mimi," alisema. "Nitakuja kila alasiri. Nisimulie, uanze na ile filamu ya kwanza."

Akanyoosha mkono akivute kiti. Kilikuwa kizito, na mto ulikuwa na joto. Bi Odesa akamshika kiganja, mkono wake baridi kama maji ya mtungi, akatabasamu kwa upole mwingi.

"Asante, dada," alisema. "Lakini hapo pana mtu."