Mwizi Aliyevua Viatu

Kompyuta ya mradi wa utafiti wa mpunga iliibwa Jumapili, watu wakiwa misani, na mwizi akaacha kioo.

Hilo ndilo lililomkosesha raha Inspekta Agapiti tangu alipoingia ofisini. Mwaka ule wa 1998, mwizi wa kawaida wa Ifakara angekumbatia kioo akidhani ni televisheni. Huyu alichukua sanduku lenye kumbukumbu, kisha akakifunika kioo kwa kitambaa chake cha kufuma.

Kufuli lilikuwa zima. Agapiti akainama. Tope la masika liliishia mlangoni. Kutoka hapo nyayo tupu, ndogo, zilikwenda hadi mezani na kurudi.

"Humu nani huvua viatu?"

"Sote, afande," alijibu Marselino, mtunza takwimu. "Vumbi huua mashine."

"Hata anayekuja kuiba?"

Marselino akacheka.

"Funguo anazo nani?"

"Mimi, na Agnella, mfagiaji. Lakini yule hata kuiwasha hajui!"

Agapiti aliitazama miguu ya Marselino, mikubwa kama majembe. Hakuuliza zaidi. Roho haikumtulia, kwani mtu aliyefagia ofisi miaka kumi haamki tu akaiba.

Kijijini Michenga, alimkuta Agnella uani akipepeta mchele. Ungo ukasimama.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mama. Jumapili ulisali?"

"Nilisali."

"Padri alihubiri nini?"

Agnella akaanza tena kupepeta.

"Ufunguo ulimpa mtu?"

"Hapana."

"Basi sanduku liko wapi?"

Agnella alitazama barabarani, akatazama nyumba yake, akakaa chini.

"Kwenye kihenge. Nilifika nalo hadi Kivukoni nilitupe mtoni. Mikono ikakataa."

Konstebo Evaristo, aliyekuja na Inspekta, alilifukua kutoka kwenye mpunga, limefungwa kwa khanga.

"Kwa nini, mama?"

"Kuna mama mmoja Mdenishi, aliwahi kufundisha huku, anaandika Kiswahili. Siku moja aliandika barua pepe, Marselino hayupo, nikamjibu mimi. Nilishajifunza kwa kuchungulia nikifuta meza. Akaniuliza mimi ni nani. Nikaandika: mwalimu."

"Ukadanganya."

"Nilichaguliwa ualimu mwaka sabini na tisa, afande. Baba akasema kaka yangu kwanza. Miaka miwili, kila Marselino akitoka, nilikuwa Mwalimu Agnella. Nilimsimulia habari za wanafunzi wangu, nani mtundu, nani mgonjwa. Akaniomba ushauri! Kule ofisini naombwa chai."

"Sasa?"

"Anakuja Jumamosi kwa treni. Atamwulizia Mwalimu Agnella. Watazifungua barua zangu, wazisome kwa sauti, wacheke."

"Na kuiba kungemzuia asije?"

"Hapana. Kungewazuia kusoma."

Agapiti alikohoa. Alimwonea huruma kwelikweli, na huruma ile ilimkera, kwa sababu sheria ni msumeno na mpini wake alikuwa ameushika yeye.

Kituoni alimsomea onyo, akachukua karatasi ya maelezo.

"Elimu?"

"Darasa la saba."

"Kazi?"

Agnella alifungua mdomo, akaufumba. Inspekta akamsogezea kalamu, aandike mwenyewe kama ni vigumu kusema.

"Andika wewe, afande," alisema. "Mkono wangu umeshazoea lile neno jingine."

Agapiti akaandika: mfagiaji. Agnella alilisoma neno lile, akatia sahihi, ndipo akalia.