Teja wa Muhogo

Nilifungua kopo, nikanusa... moyo ukanilipuka!

Ule haukuwa unga wa muhogo.

Unga wa muhogo uliolowekwa una harufu yake, mtoto yeyote wa Kasulu anaijua. Huu ulikuwa na harufu nyingine. Ile niliyoikimbia Dar mwaka mmoja na miezi minne iliyopita.

"Saady, hiki nini?"

Meneja wangu hata hakuinua macho kwenye simu yake.

"Unga wako."

"Wangu ni wa muhogo!"

"Ulikuwa."

Jamani...

Ilikuwa Jumamosi saa kumi jioni, nyuma ya jukwaa, pale uwanjani Kasulu. Huko mbele watu wanaimba jina langu hadi mabati yanatetemeka. Na mimi nimeshika kopo la heroini.

Ngojeni kidogo, maana najua wengi mnanijua kwa ile klipu tu.

Mimi ni Nduwayezu, mtoto wa Mama Maximilla wa Busunzu, kule Kibondo. Ndiyo, yuleyule mpiga gitaa la roki aliyeanguka jukwaani, akaendelea kupiga akiwa chali, udenda unamtoka. Mkacheka. Mkasambaza. Mkanipa na jina, Teja wa Roki.

Siku ile nilikuwa nakufa, wapendwa. Nyie mkaona ni mzuka.

Mama alipanda basi kunifuata Dar, akanirudisha Kibondo. Arosto, ile homa ya kuacha unga, ilinipigia kwenye chumba chake. Natapika, natetemeka, namtukana mama yangu mzazi! Yeye ananipangusa tu.

"Tapika, mwana wanje. Yatoke yote."

Yakatoka. Nikapona, nikarudi kwenye gitaa.

Onyesho la kwanza Kibondo nilipiga vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Nimesimama wima, nimenyoa, macho meupe. Wakazomea!

"Tunataka Teja!"

"Huyu mwalimu wa kwaya mmemtoa wapi?"

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Na niseme kweli, wazo halikuwa la Saady. Lilikuwa langu mwenyewe. Nilichota unga wa muhogo wa mama, nikatia kwenye kopo. Onyesho lililofuata nikajipaka puani, nikapepesuka, nikaanguka kusudi.

Uwanja mzima ulisimama!

Basi tukazunguka na mchezo huo. Kibondo, Kakonko, Kasulu, mpaka Kigoma mjini. Kila wiki najifanya ninakufa, na kila wiki nashangiliwa. Mama alipoona klipu mpya alilia siku mbili, mpaka nilipomwonyesha kopo, akaonja, akaniangalia kwa uchungu.

"Sasa Nduwa, wakikuzoea hivyo, utatokaje?"

Nikamwambia asijali. Mtu mjinga mimi!

Sasa turudi nyuma ya jukwaa.

"Watu wameanza kushtuka, bro," Saady akasema. "Wiki jana mmoja kaandika, 'Nduwa anabwia ugali.' Wamecheka nchi nzima. Leo fanya kweli, mara moja tu."

"Hiyo mara moja ndiyo inayoniua!"

"Basi usivute. Toka nje uwaambie umewadanganya mwaka mzima. Tuone kama utafika Busunzu na meno yako."

Alinibana kwelikweli.

Nikamkimbilia Fidele, mpiga ngoma wetu, Mkongo aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

"Fidele, nisaidie! Saady kaweka unga wa kweli!"

Akanishangaa.

"Mais ndeko, ndugu yangu, siku yote si ilikuwaka ya kweli?"

"Ulikuwa muhogo!"

"Weye!" Akacheka, akanigonga bega. "Miye nilikuwa naombeaka weye kila siku ya Mungu."

Mtu tumelala chumba kimoja miezi minane... hakujua, na hata sasa hakuniamini!

Nikakimbilia hema la huduma ya kwanza. Kulikuwa na nesi Careen, dada mpole aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya.

"Dada, mimi nimeacha unga. Wananilazimisha nivute. Nifiche hapa!"

Akanipa maji ya kunywa.

"Pole kaka. Huwa mnasema hivyo wote. Ukimaliza onyesho njoo tuongee, sawa?"

Niliongea ukweli mtupu, na ukweli wangu ulisikika kama maneno ya teja. Umewahi kukutwa na hilo? Unapiga kelele na kila mtu anakutabasamia!

Mshereheshaji akaita jina langu. Saady akanikamata mkono, akanisukuma hadi jukwaani na kopo langu.

"VUTA! VUTA! VUTA!"

Simu zote juu.

Niwaambie jambo la aibu? Niliutaka. Mate yalinijaa mdomoni. Vidole vilishafungua kifuniko bila kuniuliza. Mtasema, si ungemwaga tu? Jaribu wewe! Ule mkono haukuwa wangu tena.

Ndipo nikamkumbuka mama na biashara yake ya sokoni. Huku kwetu unga wa muhogo haununuliwi hivihivi. Muhogo mchungu usipolowekwa vizuri unaua mtu. Kwa hiyo anayetoa unga anaonja kwanza, mbele yako, ndipo unapokea. Asipoonja, unajua kuna jambo. Saady ni mtu wa Tanga, hayo hayajui.

Nikashika kipaza sauti.

"Kasulu! Anayetoa unga anafanyaje kwanza?"

"ANAONJA!"

"Unga huu kanipa meneja wangu. Saady, njoo uonje!"

Uwanja ukachangamka balaa. Akina mama wa Heru Juu waliosimama mbele wakaanza kupiga makofi.

"Onja! Onja! Onja!"

Saady akapanda anacheka. Nikamsogezea kopo. Kicheko kikaisha. Akalitazama, akanitazama, jasho likaanza kumtiririka shingoni.

"Nduwa, acha utani..."

"Ni muhogo, si ndiyo? Onja."

Akarudi nyuma hatua moja. Mbili. Akaruka kutoka jukwaani, akapotea!

Akina mama wakaacha kupiga makofi. Hata Fidele aliacha kucheka, vijiti vikamwanguka.

"Mmeona?" nikasema. "Huu ni unga wa kweli. Mimi nimeacha, ndugu zangu. Siku zote hizi nilikuwa nawadanganya kwa muhogo. Nisameheni... nisaidieni nishuke."

Nikasubiri. Nilidhani nimeokoka, wallahi.

Msichana mmoja wa mbele akaruka juu.

"NI WA KWELI! LEO NI WA KWELIII!"

Na uwanja wote ukalipuka!

"VUTA! VUTA! VUTA!"

Kwa nguvu kuliko mwanzo. Walikuwa wamenisikia vizuri sana, kila neno. Na hicho ndicho walichokuwa wanakitaka siku zote.

Kopo likaanza kupanda kuelekea puani...

Nikamwona askari polisi kando ya ngazi, Afande Lusajo. Kati ya watu wote pale, yeye peke yake hakuwa anashangilia.

"Afande! Nimeshika dawa za kulevya! Njoo unikamate!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alipanda, akanipokonya kopo, akanifunga pingu. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yule baba!

Nilipimwa hospitali, nikakutwa msafi. Saady alidakwa akiwa kwenye bodaboda njia ya Kibondo, na akakiri kopo lilikuwa lake. Siku ya tatu Afande Lusajo akafungua mlango wa mahabusu.

"Nduwayezu, uko huru. Nenda nyumbani."

Nikatoka hadi kaunta. Nje ya geti nikasikia kelele.

"Teja! Teja! Teja!"

Mmoja akapaza sauti, "Kaka, tumekuletea mzigo wa pongezi, na ni wa kweli!"

Nikageuka.

"Afande... naomba nilale hapa na leo."

Akachungulia getini. Akanitazama. Kisha akafungua tena mlango, na mimi nikaingia mwenyewe kwa miguu yangu.

Kesho yake mama alikuja kunichukua asubuhi na mapema, tukapita mlango wa nyuma.

Somo? Usiwape watu maumivu yako wayafanye burudani. Watayapenda kuliko watakavyokupenda wewe, na siku ukipona watakukasirikia.

Nimeandika haya nikiwa Busunzu. Mkinikuta njiani, nisalimieni kama mtu. Inatosha.