Ubao wa Mwosha

Jumamosi ya kwanza ya Septemba, saa kumi na robo alasiri, Bi Mwajuma alimshukuru mkwe wake kwa kumwogesha. Mwanvita ndiyo kwanza alikuwa anaingia chumbani, beseni la maji mikononi na taulo begani, kwenda kumwogesha.

"Umenisugua vizuri, mwanangu," mama mkwe alisema. "Ila mikono yako leo baridi. Na kile kitambaa ulichojifunga mkononi cha nini? Mimi si maiti."

Mwanvita aliweka beseni chini. Nywele nyeupe za Bi Mwajuma zilikuwa zimelowa na kulala juu ya fuvu. Kucha zake zilikuwa zimechokonolewa hadi nyama ya chini imekuwa nyekundu. Shuka lilikuwa kavu, na sakafu pia. Mwili wa mama peke yake ndio uliokuwa na maji, na maji yenyewe yalikuwa ya utelezi, yananuka majani ya mkunazi yaliyopondwa.

"Nani ameingia humu, mama?"

"Si wewe?"

Huo ulikuwa mwaka wa pili tangu kiharusi kilipoulaza upande wa kushoto wa Bi Mwajuma. Mkono wa kulia, ulimi na akili vilibaki salama. Hakuwa mtu wa kuota mchana. Mwanvita alimfuta, akajiambia kuwa huenda jirani alipita, ingawa mlango wa chumba hufunguka sebuleni na sebuleni walikuwepo wanaume watatu.

Wanaume hao walikuwa vitani. Rehani, mumewe Mwanvita, hutengeneza meno ya bandia katika kliniki moja ya mjini Morogoro. Plasta inayobaki kwenye kalibu za meno huifinyanga kuwa askari wenye urefu wa pingili ya kidole, kisha huwapaka rangi ya kucha: kahawia kwa Wajerumani na askari wao, kijani kwa Waingereza na Makaburu. Kila Jumamosi baada ya adhuhuri yeye na wenzake wawili hukutana hapo Mwembesongo kupigana upya vita vya mwaka 1916 vilivyoizunguka milima ya Uluguru. Alois, mkulima wa karoti kutoka Mgeta, alishika Wajerumani. Luqmani, fundi seremala, alishika Waingereza. Rehani alitunza daftari la kanuni na kuamua ugomvi wa dadu. Mwezi huo walipanga mapigano matatu, moja kila Jumamosi: Mlali, kisha kuvuka Mto Mgeta, kisha Kisaki.

Medani yao ilikuwa ubao mpya kwao, wa mninga, mrefu kuliko mtu, wenye mfereji katikati na tundu upande wa chini. Rehani aliupaka mfereji rangi ya bluu ukawa Mto Mgeta. Milima aliijenga kwa vipande vya godoro.

"Jenerali, mto wako umejaa," Alois alisema.

Kweli mfereji ulikuwa na maji. Yalikuwa ya kijivu, mazito, na juu yake palitanda mafuta kama ya mchuzi uliolala.

"Paa linavuja," Rehani alisema.

"Mvua iko wapi, kamanda? Au Wajerumani wangu wamekojoa kwa kuwaogopa hawa wa Luqmani?"

Walicheka. Chini ya tundu la ubao palikuwa na bakuli la karanga za kuchemsha, na Alois alikuwa anazitafuna tangu saa nane. Alitafuna moja, akakunja uso.

"Karanga zenu leo zina sabuni." Akaingiza vidole viwili kinywani, akavuta kitu katikati ya meno, akaendelea kuvuta. Ulikuwa unywele mrefu, mweupe. "Shemeji," alimwambia Mwanvita aliyesimama mlangoni, "yaani unanipenda hadi unaniwekea na nywele?"

Mwanvita ana nywele nyeusi, na siku hiyo alikuwa amesuka. Alilichukua lile bakuli, akalimwaga chooni, kisha akatapika.

*

Jumamosi ya pili hakumwacha mama mkwe. Alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda, akichambua mchele, huku upande wa pili wa ukuta akiwasikia wanaume wakibishana kama kikosi kinaweza kuvuka mto kwa zamu moja. Saa kumi upepo uliangusha nguo kwenye kamba. Alitoka uani, akaokota mashuka mawili, akarudi. Hakukaa huko hata kwa muda wa kumenya kitunguu.

Harufu ilimpokea mlangoni. Bi Mwajuma alikuwa amelala chali, gauni limepandishwa kifuani, amelowa kuanzia kichwani. Kitanda kilikuwa kimechafuka. Kila kilichokuwa tumboni kilikuwa kimetoka, kikatambaa hadi chini ya mgongo wake, na juu ya kitovu palikuwa na alama za vidole vilivyozama kwenye ngozi kama kwenye unga uliokandwa. Mwanvita alivihesabu kwa sababu jicho lilikataa kutoka hapo. Vilikuwa saba, vya mkono mmoja.

"Amenibinya tumbo," mama alinong'ona. Machozi yalikuwa yanateremka hadi masikioni. "Mwanamke. Ana kitambaa mkononi. Sura sikuiona, alisimama nyuma ya kichwa changu. Kanibinya kama nilivyokuwa nawabinya wale wangu. Tena hajui kazi! Tumbo hubinywa kwanza, kabla ya maji ya mkunazi. Huyu kaanza na mkunazi wiki iliyopita, leo ndiyo kakumbuka tumbo. Amejifunza kwa kuchungulia."

Kabla ya kiharusi, kwa miaka thelathini, Bi Mwajuma alikuwa mwosha. Mwanamke Mwislamu akifa Mwembesongo au Kichangani, aliitwa yeye.

"Mwanvita, ubao wangu uko wapi?"

"Ubao gani, mama?"

"Wa kuoshea. Ulikuwa uani, nyuma ya tangi, umelala kifudifudi. Rehani aliniambia umeliwa na mchwa. Mninga unaliwaje na mchwa?"

Mwanvita aliangalia ukuta. Upande wa pili Luqmani alirusha dadu, na dadu zikasikika zikibingirika juu ya mbao ngumu.

Alitoka akasimama mbele ya meza. Mfereji ulikuwa umejaa tena, safari hii maji ya rangi ya choo, na askari wa plasta walikuwa wamelala humo wamelainika, nyuso zimeyeyuka.

"Rehani. Huu ndio ubao wa mama?"

"Ulikuwa umekaa bure tu," mumewe alisema. "Niliusugua kwa msasa, nikaupiga dawa. Mbao ni mbao, Mwanvita."

Luqmani aliondoa mikono yake juu ya ubao taratibu. "Umetuweka kwenye ubao wa kuoshea maiti?"

"Nimekula karanga," Alois alisema. Uso wake ulikuwa wa majivu. "Jamani, mimi nimekula karanga chini ya huu ubao."

Waliugeuza kifudifudi saa ile ile, vilima vya godoro na vikosi vyote vikamwagika. Asubuhi yake waliukuta umelala chali, umelowa, na mfereji unang'aa. Rehani aliugeuza tena. Jumatatu, Jumanne, ikawa vile vile. Jumatano Luqmani alikuja na shoka. Kila alipopiga, mti ulitoa povu jeupe lililonuka kidonda, na shoka likateleza. Walimwaga mafuta ya taa wakawasha. Ukatoa mlio wa mafuta ya nyama yanayokaangwa, moto ukafa.

Bi Mwajuma alikuwa ameacha kula. Uji uliingia ukatoka. Alhamisi jioni alisema ananusa karafumaiti, na Ijumaa harufu hiyo ilikuwa nyumba nzima, kwenye unga, kwenye mswaki wa Rehani, kwenye maziwa.

"Unajua karafumaiti hutiwa lini?" alimwuliza mwanawe. Rehani alikuwa amepiga magoti, paji la uso juu ya ukingo wa kitanda.

"Maji ya mwisho, mama."

"Maji ya tatu. Mawili nimeshaoshwa. Baada ya hayo ni sanda." Alipumzika. "Mimi siogopi kufa, lakini sitaki kufa mikononi mwa kitu hicho. Ubao hulazwa kifudifudi kwa sababu ukilala chali unaita mtu. Mnyonya maji ya maiti alikuwepo siku zote, nilikuwa namsikia chini ya ufuo, lile shimo la maji chini ya ubao, analamba. Nikimaliza namfunikia udongo, nageuza ubao, basi. Wewe ukamfungulia, ukampa na vita vya kuchezea."

"Nimekukosea, mama. Niambie nifanye nini."

"Kazi ya kuosha ikianzwa haikatwi katikati. Anataka mwili wa kumalizia. Basi nitampa. Kesho uchimbe ufuo uani, mweke ubao juu yake, mzungushie khanga. Kisha nyie wanaume mtoke. Ni kazi ya wanawake."

*

Jumamosi saa nne asubuhi, jua likiwa kali na milima haina hata wingu, Rehani, Alois na Luqmani walimaliza kuchimba shimo la kupokea maji, wakaweka ubao juu yake, wakambeba Bi Mwajuma kwenye kiti cha plastiki hadi ndani ya pazia la khanga. Walisimama nje, nyuma ya ukuta, majembe mikononi. Ndani walibaki wanawake wawili na ndoo tatu: ya mkunazi, ya sabuni na ya karafumaiti.

Bi Mwajuma alijifunga kitambaa kwenye mkono wa kulia kwa kutumia meno.

"Wewe," alisema, akiutazama ubao mtupu. "Umekunywa maji ya watu wangu miaka thelathini sijakufukuza. Sasa unaosha mtu anayepumua, tena unatanguliza mkunazi kabla ya tumbo. Nani alikufundisha? Lala hapo nikuoneshe."

Hakuna kilichotikisika. Kisha ubao ulilia, ukabonyea katikati.

"Mimina ya sabuni," alimwambia Mwanvita.

Mwanvita alimimina, na maji hayakugusa mti. Yaligawanyika hewani juu yake, yakateremka kwenye bega lisiloonekana, yakazunguka titi lililolegea, yakajaa kwenye tumbo kubwa la duara kama la mjamzito na kumwagikia pembeni, na ndipo alipoona kwamba kile kilicholala hapo kilikuwa kirefu kupita ubao, kimekunja magoti ili kienee.

"Tumbo kwanza," Bi Mwajuma alisema, akaweka kiganja juu ya duara lile la maji, akabinya.

Tope lilitoka. Lilitoka kwa mlio wa kinamasi kinachovuta mguu, jeusi, la uvuguvugu, likapita kwenye mfereji wa bluu na kuanguka ufuoni, na kila alipobinya lilizidi, maji ya miaka thelathini yaliyonywewa na kutunzwa bila kuoza wala kuisha, yenye pamba, yenye usaha, yenye ukucha uliopakwa hina, yenye mafundo ya nywele zinazonuka mafuta ya nazi, na harufu moja ikifuata nyingine kama watu wanaopita mlangoni, dawa za hospitali, kidonda cha sukari, maziwa ya mzazi yaliyoganda, mdomo uliofungwa siku tatu. Na Bi Mwajuma, mkono umezama hadi kwenye kiwiko ndani ya kitu ambacho Mwanvita hakukiona, alikuwa anawatambua mmoja mmoja na kuwataja kwa sauti ya kawaida, kama anayepokea wageni, Chausiku wa Kichangani, Mwanahawa wa Mikese, Bi Tatu na mwanawe aliyekufa naye, nendeni, nendeni mama zangu, huku inzi wakishuka juu ya khanga hadi maua yake hayaonekani.

"Ongeza," sauti ilinong'ona karibu na sikio la Mwanvita, na pumzi yake ilikuwa na ubaridi wa kisima.

Alikuwa ameinua ndoo ya mkunazi tayari alipoona kwamba mama mkwe wake ametoa mkono na amebana ncha ya kitambaa kwa meno akikikaza, na hawezi kuwa ndiye aliyesema.

"Usimsikilize!" Bi Mwajuma alitema kitambaa. "Karafumaiti sasa! Yote!"

Mwanvita aliinua ndoo ya mwisho akaimwaga kwa mkupuo. Kile kilicholala kilijinyoosha, kikapiga teke ubao, tumbo la maji likanywea likawa bapa, na kitu chote kikanyonywa kwenye tundu la upande wa chini, kwa sauti ya mtoto anayemaliza titi. Ubao uliruka, ukabaki mtupu.

"Fukieni!" mama alipiga kelele. "Rehani, fukieni!"

Wanaume waliingia wamejifunika nyuso kwa mashati. Alois alikuwa analia kwa sauti na kufukia. Walisukuma udongo hadi pakawa na kilima, wakaulaza ubao kifudifudi juu yake, wakausindilia kwa matofali. Safari hii ulikaa.

Mwanvita alimrudisha mama mkwe kitandani. Aliuosha ule mkono wa kulia kwa sabuni, kisha kwa majivu, kisha kwa malimau matatu, akaunusa, akaanza upya. Chini ya kucha palibaki weusi, na harufu haikutoka.

"Acha," Bi Mwajuma alisema. "Unanichuna. Kuna ugali?"

"Upo, mama. Ngoja nikulishe kwa kijiko."

"Kijiko cha nini? Na mboga?"

"Mlenda."

"Lete."

Ilikuwa siku ya tatu hajatia kitu tumboni. Mwanvita alileta sahani, akaishika kifuani kwa mama mkwe wake. Bi Mwajuma alimega tonge kwa vidole vile vile, akalibonyeza kwa dole gumba, akalizamisha kwenye mlenda, na uzi wa utelezi ukamfuata kutoka sahanini hadi mdomoni, ukakatikia kidevuni. Alitafuna. Alimeza, na likabaki tumboni. Alilamba dole gumba akamega la pili.

Mwanvita alikaa naye hadi sahani ilipokuwa nyeupe. Kisha alitoka upesi, akavuka sebule iliyotapakaa askari wa plasta, akainama kwenye ngazi za nyuma na kutapika hadi hakuna kilichobaki.

Rehani alimkimbilia, mikono imejaa udongo, hathubutu kumshika.

"Mwanvita, mama vipi? Niambie. Mama vipi?"

Alijifuta mdomo kwa ncha ya khanga.

"Anakula," alisema.