Injini Iliyonguruma Ndani ya Pipa

Gereji ile ya mtaa wa Sakina ilinuka oili chafu na jasho, na Elinipa, katika gauni lake la kitenge lililonyooshwa vizuri, aliingia ameziba pua. Boti yake ya kutembeza wageni Ziwa Duluti ilikuwa haishiki kasi, na mafundi wote wa jirani walikuwa wameikataa injini.

"Niachie mimi, mrembo," alisema Prosper, fundi pikipiki, akijifuta mikono kwenye ovaroli. "Hakuna injini isiyonisikia."

"Hata ya boti?"

"Hasa ya boti!"

Akabadilisha plagi, akaitumbukiza injini aliyoletewa kwenye pipa la maji, akapiga resi. Ilinguruma hadi maji yakamrukia Elinipa, naye akacheka. Kipenda roho hula nyama mbichi. Cha Elinipa kilikula na oili.

Kila jioni ikawa simu.

"Umeoga leo?"

"Mara mbili, mpenzi, kwa ajili yako."

Jumamosi Elinipa akapakia wanakwaya kwenye boti. Katikati ya ziwa upepo ukavuma, akaongeza mafuta. Injini ikapiga kelele, boti ikajikokota tu. Mama mmoja alimtapikia miguuni, wengine wakamlilia Mungu. Walifika ukingoni wameloa chapachapa.

Elinipa hakuhitaji kuambiwa. Mafundi wa mjini si ndio hunyofoa kifaa kizima wakapachika kibovu? Akampigia Prosper.

"Mwizi mkubwa! Naona kinyaa hata kukumbuka ulinishika mkono."

Akakata, akampigia Hans, fundi wa boti wa Mwanza.

"Chora mstari wa rangi ya kucha kwenye propela, toka chuma cha katikati hadi nje," Hans alimwambia. "Endesha, kisha utazame."

Alipoendesha, mstari ulikatika. Mpira wa ndani ya propela ulikuwa umelegea: chuma kinazunguka, mapanga yanabaki nyuma. Ndani ya pipa, pasipo boti ya kusukuma, ugonjwa huo haukujionyesha.

Basi hakuna kilichoibwa. Kwa aibu, Elinipa akamwita Prosper. Alikuja Duluti na shati jeupe, ananukia marashi, pete mkononi.

"Nisamehe, mpenzi. Nilikuita mwizi."

"Yameisha, mama. Nikuoe?"

"Kwanza niambie, fundi mzima hukuliona hili?"

Prosper akacheka. "Ningelionaje? Injini ya boti sikuwahi kuigusa! Ningesema sijui, ungeenda kwa mwingine."

"Na wanakwaya wangu?"

"Si walifika?"

Kinyaa kikamrudia Elinipa. Mtu huyu alikuwa ameacha watu waingie majini ili yeye apate mchumba, na bado meno nje.

"Ondoka na pete yako," alisema. "Mwizi ningemsamehe."

Akachukua spana, akaanza kuifungua propela mwenyewe.