Sufuria ya Mama Ntumba

— Damu! Damu mu nyungu yangu! Harusi imekufa!

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, mtaa wa Manika, na mashangazi walishajaa uani kwa harusi ya kesho. Mama Ntumba aliinua sufuria ya alumini aliyoolewa nayo. Ndani ilikuwa na utando mwekundu, chini matundu kama ya chujio.

— Ni weye uliiacha na maji jana! alimfokea Tshibola, mchumba wa mwanawe Kazadi. Muntu ya mukosi haingie mu nyumba yangu!

Tshibola alikuwa mwalimu wa kemia, na si binti wa kutetemeka. Aliikwaruza sufuria kwa ukucha, akatabasamu. Huyo akitabasamu, jiandae.

— Mama, hii haiko damu. Ni shaba.

— Shaba itoke wapi? Mi nilipika samaki ya makayabu!

— Njo vile, mama. Chumvi ya makayabu ilifungua ngozi ya alumini. Shaba yenyewe ilikuwa mu maji ya kuoshea.

Akaenda kwenye pipa la maji ya kuoshea, alilolileta Kazadi wiki ile, akachota kopo. Maji yalikuwa na ubuluu kidogo. Akasugua msumari kwa mchanga, akautumbukiza. Mashangazi wakasogea. Baada ya muda msumari ukatoka umevaa wekundu uleule.

— Sasa musumari naye iko na mukosi?

— Bravo, citoyenne! shangazi Kanku akaangua kicheko.

Mama Ntumba hakucheka.

— Na shaba iliingia namna gani mu pipa? Kazadi, weye ulisema ulinunua pipa ku soko, si vile?

Kazadi, aliyesimama mlangoni, akatazama viatu vyake. Mwanamume aliyeapa kumpenda Tshibola hadi kaburini alishindwa kufika naye hata penye pipa. Alilitoa bila ruhusa kwenye kiwanda cha shaba alikofanya kazi, halafu akalisuuza juujuu bila kuuliza lilibeba nini. Kusema ukweli mbele ya watu wote hawa kungemgharimu kazi.

— Ndiyo, mama. Ku soko.

Moyo wa Tshibola ukauma, kwa sababu Kazadi mwenyewe alikuwa amemnong'oneza pipa lilikotoka. Angeweza kumtaja. Hakumtaja, alitaka lisemwe na mwenyewe.

— Kazadi, sikia. Alumini moja inatoa elektroni tatu. Shaba moja ya mu maji inapokea mbili. Hesabu haikubali mpaka alumini mbili zikutane na shaba tatu: sita zinatoka, sita zinaingia, hakuna inabakia njiani. Miye nimetoa jina yangu mbele ya hawa bamama, banaiita mukosi. Weye unatoa nini?

Kazadi akasogea hadi penye pipa. Akamwangalia Tshibola, kisha mama yake.

— Mama, nilidanganya. Pipa ni ya usine, niliikamata bila kuomba. Harusi ikiisha, lundi, nitairudisha miye mwenyewe. Bakinifukuza, banifukuze. Tshibola hana kosa.

Tshibola akamshika mkono mbele ya wote, bila haya.

— Bakikufukuza, mushahara yangu itatulisha. Sasa tuko sita kwa sita.

Macho ya Mama Ntumba yakalowa.

— Mutoto yangu, unisamehe. Nilikuita mukosi, kumbe mukosi nilimuzaa miye mwenyewe! Na bukari ya kesho, ugali ya bageni, tutapika mu nini, batu ba chimie?

Vigelegele vikapasua ua. Kazadi akatumwa kuazima sufuria kwa majirani, tena mbio.

Jumamosi wakafunga ndoa. Jumatatu bwana harusi akalivingirisha pipa hadi kiwandani. Alikaripiwa vya kutosha, lakini kazi ikabaki. Zawadi ya mama mkwe ilikuwa ile sufuria yenye matundu.

— Muitundike ku ukuta, alisema. Mumoja akinyamaza wakati ya kusema, mwenzake amuonyeshe.

Wakaitundika. Na mara ya kwanza Kazadi alipoishusha kumwonyesha mwenzake, aliyekuwa amenyamaza ni Tshibola.