Meza ya Walioshiba

Kengele ya chakula cha mchana ilipogonga, Chiriku alikuwa ameshapanga vitabu vyake, amefunga begi, na mguu mmoja uko nje ya dawati. Walimwita hivyo kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika, lakini mdomo huo ulikuwa na kazi nyingine aliyoipenda zaidi, nayo ni kula. Hakuwa mlafi. Kila asubuhi aliamka mapema kumsaidia mama yake, fundi wa kushona vitambaa vya makochi. Alikata sponji, akafagia nyuzi, kisha akaenda shule kwa miguu. Ikifika adhuhuri tumbo lake lilikuwa linanguruma bila haya.

Zamani alikula na wanafunzi wa darasa lake kwenye meza za karibu na mlango. Huko watu walikula, wakapiga soga, wakaombana chumvi, wakaramba vijiko na kwenda zao. Hakuna aliyemchunguza mwenzake mdomoni. Kisha mwalimu wa michezo akamchagua Chiriku kuwa mfungaji wa timu ya netiboli, na mambo yakageuka. Wachezaji walikuwa na meza yao chini ya dirisha kubwa, na shule nzima iliwatazama walivyokaa, walivyocheka na walivyoshika vijiko.

Siku ya kwanza Chiriku alikaa pale kifua mbele. Kulikuwa na wali, maharage na kipande cha nyama. Akala kama alivyozoea, akaguguna mfupa, akakomba mchuzi kwa kijiko. Alipoinua uso, meza nzima ilikuwa inamtazama. Sahani za wenzake zilikuwa bado zimejaa. Msichana mrefu wa darasa la juu, ambaye kila mtu alimwita Nahodha, alikuwa anafuta midomo ambayo haikuwa na hata tone la mchuzi.

"Mwenzetu, kwani kwenu huwa mnapika?" aliuliza Nahodha taratibu.

"Tunapika," alijibu Chiriku, asielewe swali linakoelekea.

"Aa. Nilidhani mnasubiri cha shule."

Meza ikaangua kicheko. Chiriku akajisikia kama amekutwa anaiba. Msichana aliyekaa kando yake akamnong'oneza mambo ya pale: unaonja kidogo, unatafuna polepole, unasukuma sahani, unasema umeshiba. Anayemaliza chakula ni mlafi, na walafi hurudi kule mlangoni. Jioni ile kwenye mazoezi Chiriku alisimama chini ya goli mikono juu, na hakupasiwa mpira hata mara moja. Hapo akaelewa. Asipojifunza kula kama wao, nafasi yake kwenye timu itaota mbawa, na mechi na shule jirani ilikuwa mwisho wa muhula.

Kesho yake akaonja, akatafuna, akasukuma sahani. "Nimeshiba mie," alisema kwa sauti nyembamba ambayo hata yeye hakuitambua. Nahodha akatabasamu. Jioni mipira ikaja mfululizo, lakini kwa njaa Chiriku alipoangalia juu aliona pete mbili za goli badala ya moja.

Sasa, kuhusu ndoo. Kila meza ilikuwa na ndoo yake ya makombo. Ndoo za mlangoni zilirudi jikoni karibu tupu. Ya dirishani ilijaa pomoni. Ilikuwa kuukuu, kingo zake zina utando wa mafuta yaliyoganda, na hata ikioshwa harufu yake haikutoka. Ndani yake wali ulilowana, maharage yakapondeka, mchuzi ukafanya povu, na nzi wakatua juu kama waalikwa. Baada ya chakula ilipelekwa nyuma ya jiko, karibu na geti dogo, ikakaa hapo hadi jioni mfuga bata alipoifuata. Ukipita karibu unabana pua.

Ndani ya uchafu huo Chiriku alificha chakula chake. Kutoka na nyama mkononi kusingewezekana, maana Nahodha alikuwa na tabia ya kuondoka wa mwisho, akiwakagua wenzake kwa macho. Kuna msichana aliwahi kukutwa na kipande cha mkate kiganjani, akachekwa hadi akaacha kucheza. Sketi za sare hazikuwa na mifuko. Basi Chiriku akachukua nyumbani vifuko vyeupe vya nailoni ambamo vifungo vya makochi ya mama yake huja. Chini ya meza, juu ya mapaja yake, aliingiza nyama na tonge la wali ndani ya kifuko, akakifunga, akakirudisha kwenye sahani na kukifunika kwa maharage. Kisha akasimama mbele ya wote na kuikung'uta sahani ndani ya ndoo. Nani angemshuku mtu anayemwaga chakula?

Wenzake walipokwenda kupumzika, yeye alizunguka nyuma ya jiko, akapandisha mkono wa shati, akachovya. Mkono ulizama hadi kwenye kiwiko. Makombo yalikuwa vuguvugu, yanateleza, yanamganda katikati ya vidole. Alipapasa, akakipata kifuko, akakipangusa kwenye majani, akakimbilia nyuma ya banda la kuni. Huko akala amechuchumaa, anameza bila kutafuna, jicho moja liko njiani. Akimaliza alikirudisha kifuko kitupu mle mle ndani ya ndoo, asiache ushahidi. Sabuni haikuwepo, akajifuta kwenye nyasi.

Alijichukia. Njaa ilipungua, lakini kinyaa kilibaki, na kilimfuata hadi nyumbani. Mama alipoweka sahani mezani, Chiriku aliona povu na nzi.

"Mbona huli, mwanangu?"

"Nimeshiba, mama. Shuleni leo tumepewa kingi."

Mama akamshika mkono, akausogeza puani, akakunja uso. "Mkono huu unanuka nini?"

"Ni mpira, mama. Tulicheza kwenye tope."

Mama hakuridhika. Akampa sabuni na maji ya moto, akasimama kumwangalia akisugua. Chiriku alisugua hadi ngozi ikawasha. Alitamani kusema, lakini angeanzia wapi? Angemwambiaje mama yake, anayeinama kwenye cherehani kutwa nzima, kwamba mwanawe anakula kutoka kwenye ndoo?

Mchana mmoja alichelewa. Mwalimu wa hesabu alikuwa amemwita, na alipofika getini muda ulikuwa unakaribia kwisha. Akachovya mkono haraka haraka, akagusa kifuko, akakichomoa. Hakukipangusa wala kukitazama. Akakipasua kwa meno na kukimbiza nyama kinywani.

Nyama ilikuwa laini mno. Ilikuwa imekwisha kutafunwa. Mtu alikuwa ameitafuna akaitema, na pembeni palikuwa na alama za meno kwenye kipande cha mfupa. Mate ya mtu mwingine, yaliyopoa, yalimjaa ulimini. Chiriku akatazama kifuko na kuona ni cha bluu. Vyake vyote vilikuwa vyeupe.

Akatapika palepale, ameshika ukuta. Alipopata nguvu alirudi kwenye ndoo, akachovya tena. Akatoa chake cheupe. Akatoa kingine, cha sukari, kimefungwa kwa uzi. Akatoa kingine tena. Meza nzima ya walioshiba ilikuwa inakula humu humu, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Siku mbili tumbo likamsokota na kuharisha kukamlaza kitandani. Hata hivyo alinyamaza, kwa sababu kuwataja wenzake kulikuwa ni kujitaja yeye.

Alipopona na kurudi shule, alikuta timu imeitwa kwenye stoo ya mipira. Mwalimu wa michezo alisimama na mfuga bata, mzee mpole mwenye mabuti ya mpira. Juu ya meza palikuwa na gazeti, na juu ya gazeti palikuwa na rundo la vifuko vilivyovurugika, vimelowa ute wa kijani. Harufu ilijaa chumba. Msichana mmoja akaziba pua.

"Usizibe," alisema mwalimu. "Mzee, waambie."

"Wanangu, sikuja kugombana," alisema mfuga bata. "Bata wangu wawili wamekufa. Nikawapasua nijue kilichowaua. Haya ndiyo niliyoyatoa kooni na matumboni mwao. Bata haelewi nailoni. Akisikia harufu ya nyama anameza. Na ndoo niliyowalisha ni ya dirishani, maana ndiyo pekee inayojaa."

"Nataka kujua nailoni hizi ni za nani," alisema mwalimu. "Mpaka nijue, hakuna mazoezi na hakuna mechi."

Wasichana walitazama sakafu. Chiriku akaanza kupima. Akisema, atacheka na nani, atakaa meza gani, atapasiwa mpira na nani? Asiposema, mzee huyu ataendelea kuzika bata. Akamwangalia yule mzee aliyewafungulia bata wake matumbo kwa mikono yake, akapiga moyo konde.

"Nyeupe ni zangu, mwalimu," alisema. "Nilikuwa naficha chakula ndani ya ndoo, halafu nakwenda kukitoa na kukila. Kifuko kitupu nilikirudisha."

"Yaani anakula makombo," msichana mmoja alisema, na wawili watatu wakacheka. Nahodha alicheka pia, kicheko kikavu.

Mwalimu hakucheka. "Na hizi za bluu? Na hizi za sukari? Chiriku, unajua ni za nani?"

Chiriku alikuwa amekwisha kuona. Wakati wenzake wanacheka, Nahodha alikuwa amekodolea macho zile za bluu, na midomo yake imepauka. Ladha ya nyama ile ilimrudia Chiriku kinywani. Angeweza kumlipizia kisasi hapo hapo.

"Mimi nimesema zangu, mwalimu," alijibu. "Wengine wana midomo yao."

Kicheko kikaisha. Kisha msichana wa vifuko vya sukari akaanza kulia, akainua mkono. Mwingine akafuata. Mwisho Nahodha akakaa juu ya gunia la mipira.

"Za bluu ni zangu," alisema. "Mimi natafuna nikiwa mezani, halafu natema. Nikikaribia kuanguka ndipo ninakwenda kuzifuata." Alimeza mate. "Nilipoingia shule hii waliniita Pipa. Nikaapa hakuna atakayeniona nikila tena. Halafu nikaona nikila peke yangu hivyo nitaonekana mimi tu, nikawataka wote wale hivyo."

Mwalimu alilikunja gazeti na uchafu wake, akavitia ndani ya pipa la taka nje, akarudi na beseni la maji na sabuni. Akawaosha mikono mmoja mmoja, kama watoto wadogo, hadi kwenye viwiko.

"Nisikilizeni," alisema. "Mmenitia kinyaa leo, sifichi. Lakini si kwa sababu mna njaa. Njaa si aibu. Mwili unaokua na kukimbia uwanjani lazima udai chakula, na mwenye akili anaupa. Kinachonitia kinyaa ni kwamba mliona afadhali kula uchafu mafichoni kuliko kula chakula safi mbele ya wenzenu. Ukimcheka mtu kwa sababu anakula, unamfundisha kujificha, na akijificha hujui atakula nini. Jumamosi mtakwenda kuosha banda la bata wa mzee huyu, lote, na kinyesi chake. Leo mtakula."

"Na wakitucheka?" aliuliza Nahodha.

"Watawacheka," alisema mwalimu. "Sitawadanganya. Mtaamua wenyewe kama kicheko cha mtu kinashibisha."

Waliingia ukumbini wamechelewa, wanafunzi wengine wako katikati ya kula. Mpishi akawapakulia. Wakakaa chini ya dirisha, kila mmoja na sahani yake, na hakuna aliyeanza. Shule nzima ilitazama, kama kawaida. Chiriku alishika kijiko, lakini harufu ya mchuzi ilimkumbusha ndoo. Akajikaza, akatia kijiko cha kwanza mdomoni. Ulikuwa wali wa moto, wenye chumvi, kutoka kwenye sufuria safi. Akatafuna, akameza, akachota tena.

Nahodha naye akachota, kijiko kimejaa. Alipokuwa anakiinua, mvulana mmoja wa meza ya pili akasema kwa sauti ya kutosha, "Tazameni, Pipa limerudi."

Kijiko kikasimama hewani. Uso wa Nahodha ukaiva kwa aibu, na mkono ukaanza kushuka. Meza ikaacha kutafuna. Chiriku alitamani kumjibu yule mvulana maneno ya kumfunga mdomo hadi mwaka ujao, na maneno hayo alikuwa nayo. Lakini alijua hayo hayatamfikisha Nahodha popote. Akaisogeza sahani yake karibu na ya Nahodha, akaendelea kula polepole bila kumtazama mtu.

Nahodha akafumba macho. Akaingiza kijiko kinywani, akatafuna kwa muda mrefu huku machozi yakimchirizika, na safari hii akameza.

Kisha akafuta kidevu kwa kiganja, akamgeukia Chiriku. "Nisogezee maharage," alisema. "Bado nina njaa."